Uko mlangoni. Unakwenda upande gani?

 Kwa kawaida hapa ninawaletea bei ya makala, barabara iliyokatika, na majina ya watoto wanaotafuta wazazi wao. Leo naomba ruhusa niandike jambo langu mwenyewe. Linaanza na michezo ya zamani ya kompyuta, ile isiyo na picha hata moja, na linaishia katika nyumba ya mama yangu.

Miezi michache iliyopita nilikuwa na zamu ya usiku kwenye redio. Umeme ulikuwa umekwenda. Jenereta tuliizima ili mafuta yabaki kwa habari za asubuhi. Mtandao wa simu ulikuwa ule wa kusuasua tunaoujua wote hapa Goma: picha haifunguki, video usiseme, lakini maneno matupu yanapita. Nilikuwa na mzee wetu wa mitambo, ambaye sisi vijana tunamwita Papa Fundi. Nikalalamika kwamba bila mtandao mzuri hakuna la kufanya. Akacheka.

«Mwanangu, sisi zamani hatukuwa na picha, na kazi ilienda.»

Akanisimulia. Katika miaka ya 1990 alifanya kazi na shirika moja la misaada. Phonie tunaijua: unaita, unajibiwa, unasema «over», na kijiji kizima kinasikia siri zako. Yeye alikuwa na phonie iliyofungwa kwenye kompyuta kwa kisanduku kidogo. Unaandika barua yako, mashine inapiga kelele kama panzi, na mbali kule, katika mji mwingine, maneno yanatokea kwenye kioo, herufi kwa herufi. Kama mtu hayupo, barua inabaki ndani ya mashine mpaka arudi.

«Ni kama valve ya shule,» akasema. «Mtu anabandika, anakwenda zake. Mwingine anapita, anasoma, na yeye anabandika lake.»

Waliosoma shule kwetu wanaijua valve: lile bao ukutani karibu na ofisi ya mkuu wa shule, ambako matokeo ya mtihani yanabandikwa pamoja na majina ya waliofukuzwa kwa kukosa minerval. Mimi jina langu limewahi kukaa pale mara nyingi, si kwa ajili ya matokeo.

Kwa kuwa maneno yalikuwa yanapita kwenye simu, nilianza kutafuta. Nikakuta kwamba Papa Fundi alisema kweli kuliko alivyojua. Valve ya kwanza ya kompyuta ambayo watu waliweza kuipigia simu ilitengenezwa Chicago, Marekani, na watu wawili wa klabu moja ya wapenzi wa kompyuta, Ward Christensen na Randy Suess. Mwezi wa Januari 1978 theluji nyingi ilianguka mjini, Christensen akashindwa kutoka nyumbani. Akampigia simu mwenzake. Klabu yao ilikuwa na bao ambako watu walipachika vikaratasi: natafuta mtu wa kunibeba, nauza kifaa fulani. Wakaamua kuweka bao kama lile ndani ya mashine. Suess akaunganisha vyuma, Christensen akaandika programu, na siku ya 16 Februari 1978 wakaifungua. Waliiita CBBS.

Mashine yenyewe ilikaa nyumbani kwa Suess na ilikuwa na laini moja ya simu. Moja tu. Ukipiga, inaamka, inakuonyesha ujumbe ulioachwa, unaandika wako, unakata. Maneno yalikuja kwa mwendo wa herufi kama 30 kwa sekunde, yaani unaweza kuyasoma huku yakiandikwa. Na kama wewe umo ndani, mwenzako akipiga anakuta laini imeshikwa, anangoja. Kwa njia hiyo ya mtu mmoja mmoja, miaka ilipopita, simu zilizopigwa pale zilizidi nusu milioni. Suess alifariki mwaka 2019 na Christensen mwaka 2024. Niliposoma hayo nilihesabu: wakati ule wote walikuwa hai, na mimi nafanya kazi ya kubeba ujumbe wa watu, na sikuwahi kusikia majina yao.

Nawaambia ninyi mnaoishi kwenye masite, jambo hili la laini moja mtalielewa haraka kuliko mtu wa Chicago wa leo. Mnajua bomba moja na bidoni mia moja. Mnajua kwamba foleni ina sheria zake. Basi hata michezo iliyokuja kukaa kwenye zile valve za kompyuta ilitengenezwa kwa sheria ya foleni. Mmoja maarufu ulianzishwa mwaka 1989 na kijana Mmarekani aitwaye Seth Robinson, na jina lake ni Legend of the Red Dragon. Unakwenda porini kupigana, lakini kila siku umepewa idadi ya mapigano. Ukiyamaliza, basi: unakwenda kulala, unarudi kesho. Ukitoka, jirani anaingia. Kesho yake unakuta jirani huyo alikushambulia ukiwa umelala, na ameacha maneno ya kukucheka. Watu walicheza pamoja miezi na miezi bila kukutana hata dakika moja ndani ya mchezo. Kila mmoja alikuta nyayo za mwenzake.

Nikasema moyoni, hii si ndiyo komunike zetu? Mama anakuja redioni Jumatatu, anaacha neno kwa mtoto wake aliyepotea njiani. Tunalisoma saa moja jioni. Mtoto yuko mahali fulani, au ni mtu anayemjua mtoto. Alhamisi linakuja jibu kwa motari. Hawa wawili hawakuongea kamwe kwa wakati mmoja, lakini wameongea.

Usiku uliofuata nilisoma jinsi bao moja lilivyoshikana na bao lingine. Mwaka 1984 Tom Jennings, wa San Francisco, alitengeneza FidoNet. Usiku, wakati bei ya simu iko chini, mashine moja inaipigia nyingine, inaipa mfuko wa barua, na ile inaipigia ya mbele yake. Barua inaruka kutoka nyumba hadi nyumba, kama mzigo unavyotoka Walikale mpaka Goma kwa mikono ya watu watano. Sikutegemea kuikuta Afrika kwenye habari hiyo, lakini ipo. Chuo Kikuu cha Rhodes, kule Grahamstown, Afrika Kusini, kilipata barua-pepe yake ya kwanza kwa njia hiyo, kikipiga simu mpaka kwenye mashine iliyokuwa nyumbani kwa mtu mmoja, Randy Bush, mjini Portland, Marekani. Kuanzia mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, kikapitisha barua zake kupitia hao wa Rhodes. Lusaka, ndugu zangu! Watu wa Lubumbashi wanajua si mbali. Barua zilitoka kwa walimu na waganga wa Zambia, zikavuka bahari kupitia kompyuta iliyo nyumbani kwa mtu ambaye hawakumfahamu.

Lakini kilichonishika ni michezo, na hasa mmoja.

Unaitwa Adventure, wengine wanauita Colossal Cave. Aliyeuanza ni Will Crowther, katikati ya miaka ya 1970. Kazini alikuwa mtu wa kompyuta, mmoja wa waliojenga ule mtandao uliozaa intaneti. Nje ya kazi alipenda kuingia kwenye mapango ya chini ya ardhi, kule Kentucky, pamoja na mke wake Patricia, na kuyachora ramani. Halafu ndoa yao ikavunjika. Binti zao wawili wakawa wanakuja kwake siku za kumtembelea tu. Crowther akakaa akaandika pango lile kwa maneno ndani ya kompyuta, ili watoto wakija wawe na kitu cha kucheza. Mwaka 1977 mwingine, Don Woods, akaupanua, na ukazunguka dunia.

Hauna picha. Kioo cheusi, maneno. Mchezo unakuambia uko wapi: uko barabarani, mbele yako kuna nyumba ndogo ya matofali, msitu umekuzunguka, kijito kinatoka ndani ya nyumba. Halafu unanyamaza. Ni wewe useme. Unaandika «ingia», unaingia. Ndani kuna taa na funguo. Ukivichukua na kufuata kijito unafika kwenye wavu wa chuma uliofungwa. Ndiyo maana ya funguo. Chini ya wavu ndiyo pango. Amri zake ni za Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha darasani, lakini kaskazini, kusini, chukua, weka, fungua, hayo ninayaweza. Mambo mengine nilijifunza kwa kufa. Taa inaisha nguvu, na ukitembea gizani unaanguka shimoni. Kuna mahali ambapo vyumba vyote vinafanana. Ili usipotee lazima uache kitu kimoja katika kila chumba, ujue ulipopita.

Nilicheza mpaka saa tisa usiku kwa megabaiti chache sana, hata moja sidhani ilikwisha. Na kitu kimoja hakikuniacha nilale. Mtu huyu hakuweza kurudi pangoni na familia yake. Familia ile haikuwepo tena. Alichoweza kuwapa binti zake ni maneno: hapa ukienda kulia kuna ukumbi, hapa dari iko chini, inama. Watoto wakatembea humo.

Wengine wakaendeleza. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza mchezo wa aina hiyo ambamo watu wengi wanaingia kwa mara moja na kukutana vyumbani. Waliuita MUD. Bartle amewahi kueleza kwamba walitaka mahali ambapo mtu anapimwa kwa anachofanya, si kwa ukoo aliozaliwa. Mwaka 1990 Pavel Curtis, Marekani, alifungua mahali paitwapo LambdaMOO. Alianza kwa kuandika nyumba yake mwenyewe: mgeni anaingilia kabati la makoti, anatokea sebuleni. Waliokuja baadaye wakaruhusiwa kuongeza vyumba vyao, kila mtu na maneno yake, mpaka ile nyumba ikawa kama mji. Pahali hapo pangali wazi hadi leo. Na valve za zamani nazo, mamia yake, watu wamezirudisha, sasa zinafikiwa kwa intaneti badala ya simu. Nilijifunza pia kwamba katika michezo hiyo ya maneno wamo wachezaji wengi vipofu. Kompyuta inawasomea kwa sauti, nao wanacheza sawa na mwingine yeyote. Hapo mtu wa redio ndani yangu aliamka. Kama kipofu anatembea humo kwa kusikia, basi mchezo huu unaweza kwenda hata bila kioo.

Mama yangu macho yake yameanza kumwacha.

Sasa nirudi kwenye ile siku. Wenzangu wa Goma hawahitaji kukumbushwa 17 Januari 2002. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nyiragongo ilipasuka asubuhi, na moto ukateremka mpaka mjini, ukakata mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani. Watu mamia ya maelfu tulikimbia, wengi tukavuka kwenda Gisenyi. Nyumba yetu ilikuwa Murara, nyumba ya mbao. Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, milango, na chukudu kwa watu wa kubeba viazi. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, hajafika mwaka mmoja. Baba alichukua tranzista. Mimi nilichukua daftari zangu za shule, nikaziacha njiani.

Tuliporudi hapakuwa na mahali pa kurudi. Jiwe jeusi, bado la moto, lilikuwa limepita juu ya avenue nzima. Baba alisimama akajaribu kuhesabu hatua kutoka kwenye ukuta mmoja uliobaki. Jirani naye alihesabu zake. Hawakupatana parseli ya nani inaanzia wapi, na wote wawili walikuwa wanasema kweli, kila mtu kwa kumbukumbu yake. Tukajenga kwingine. Baba amefariki miaka kadhaa sasa. Hatuna picha ya nyumba ile. Picha zilikuwa ndani.

Mdogo wangu, ambaye leo ni mwanamke mzima, hana hata chembe ya kumbukumbu. Tukiongea za Murara, yeye anainuka kwenda kuosha vyombo. Mwaka jana alinitolea neno moja ambalo liliniuma: «Ninyi mko na nyumba ambayo mimi sina.»

Jumapili moja nikachukua daftari la kurasa mia. Nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: MLANGONI. Nikakaa na mama uani, mdogo wangu akichambua sombe. Nikaanza kama vile mchezo unavyoanza.

«Mama, uko mlangoni pa nyumba yetu ya Murara. Unakwenda upande gani?»

Alidhani nina mzaha. Nikarudia. Nikamwambia kaskazini kuna nini, kusini kuna nini. Akanikemea.

«Kaskazini ni ya ku shule. Sema juu na chini. Juu ni ku volkano, chini ni ku ziwa.»

Basi nikafuta. Mchezo wetu una juu na chini. Nikasema: chini kuna mti wa avoka. Mama akasema hapana, avoka ilikuwa ya jirani, matawi ndiyo yalikuwa kwetu, na ndiyo ilikuwa ugomvi. Nikaandika: matawi ya avoka, mti ni wa jirani. Nikasema: ukiingia kuna meza. Mama akasema, mguu mmoja mfupi, baba yako seremala wa watu wote isipokuwa wa nyumba yake. Tukacheka. Mdogo wangu aliacha sombe.

Tulikwenda chumba kwa chumba. Kila chumba nilikipa ukurasa wake: jina lake, kinachoonekana, kinachosikika, harufu yake, milango yake inakwenda wapi, na vitu vilivyomo. Karakana ya baba ilichukua kurasa mbili. Mama alikumbuka hata msumeno uliokuwa na mpini wa kitambaa. Alikumbuka harufu ya mbao mbichi ya sipre. Mimi nilikumbuka magurudumu ya chukudu yaliyosimamishwa ukutani, na kwamba nilikatazwa kuyagusa.

Mdogo wangu ndiye aliyesema: «Naingia jikoni.»

Lilikuwa swali la mchezo, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia.

Mama alinyamaza kidogo. Jiko letu lilikuwa nje, nyuma ya nyumba, mabati matatu na mawe. Akasema: «Uko jikoni. Kuna maharagwe ku moto. Hayajaiva.»

«Nachukua sufuria,» akasema mdogo wangu.

«Acha. Inachoma. Mimi niliiacha vilevile. Nilichukua weye.»

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyelia pia, msifikiri ninawapambia. Mdogo wangu alisema tu, «Basi natoka,» na mama akamwonyesha njia ya kutokea, pembeni mwa tanki la maji ya mvua, uangalie kamba ya nguo isikushike shingoni. Lakini tangu siku hiyo, tukiongea za Murara, hainuki tena. Ana sahihisho lake hata. Juzi alimwambia mgeni kwamba kutoka jikoni mpaka karakana unapita chini ya matawi ya avoka. Mimi nilikuwa nimelisahau hilo.

Kwenye parseli yetu tumepokea familia moja iliyotoka Masisi. Mtoto wao wa kiume ana miaka tisa, na aliondoka kijijini angali mdogo sana. Alitusikia tukicheza, akataka na wao wacheze. Baba yake ni mtu wa maneno machache. Nilifikiri atakataa. Alikubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayesema na mimi niandike.

Walianza mlangoni. Mtoto alitaka kwenda kwa ng'ombe. Akaonyeshwa zizi, na ng'ombe kila mmoja kwa jina lake na kwa tabia yake, yupi anapiga teke. Alitaka kwenda mtoni. Akateremshwa shambani, akaambiwa avue viatu kwa sababu ya tope. Alikunywa maziwa. Alichuma kunde. Kisha akasema:

«Sasa naenda kwa babu.»

Baba yake aliangalia chini. Nikaweka kalamu. Baada ya muda akasema: «Pale mlango umefungwa.»

Mtoto, kwa sababu nilikuwa nimemweleza habari ya pango na wavu wa chuma, akauliza: «Funguo ziko wapi?»

«Niko nazo. Si leo.»

Nikaandika hivyo kwenye daftari lao: nyumba ya babu, mlango umefungwa, funguo ziko kwa baba. Mtoto aliridhika kabisa. Alirudi kwa ng'ombe. Mimi nimehoji watu wengi waliokimbia vita, na nimewahi, nakiri, kusukuma swali mahali ambapo halikutakiwa kusukumwa, kwa kuwa habari ya saa moja ilikuwa inaningoja. Mchezo wa mtoto wa miaka tisa umenifundisha namna bora. Mtu anaweza kukupitisha nyumba nzima, akakuomba ukiache chumba kimoja. Chumba hicho hakijapotea. Kimeandikwa kwamba kipo.

Nimemweleza Papa Fundi haya yote. Yeye alisikiliza huku akifuta vumbi kwenye mitambo. Akaniambia kwamba katika zile barua za phonie za miaka ya 1990, hata moja haikubaki. Mashine ilipoharibika, kila kitu kilikwenda nayo. «Karatasi ni mzuri,» akasema. «Lakini fanyeni mbili.»

Kwa hiyo nawaachia haya, ndugu zangu mlio kwenye masite, mlio katika familia zilizowapokea, na mliorudi mkakuta si pale. Hamhitaji kompyuta wala megabaiti. Tafuteni daftari, au kama hakuna daftari, jioni moja na mtu mzima anayekumbuka. Anzeni mlangoni. Msiulize «zamani ilikuwaje?», kwa maana swali hilo ni kubwa, linamchosha mzee, atawajibu «ilikuwa vizuri» na kunyamaza. Ulizeni: uko hapa, unaona nini, ukienda juu kuna nini, ukienda chini kuna nini, kwenye meza kuna nini. Mwacheni mtoto aseme anakokwenda. Mzee akisema mlango umefungwa, msiuvunje.

Na la usalama, kama kawaida yetu: msiandike majina ya watu na mahali kamili kwenye simu za kushirikishana na kila mtu. Daftari likae nyumbani. Lifanyeni mara mbili, jingine likae kwa ndugu.

Yule wa Chicago alifungiwa na theluji, akafikiria jinsi watu wengine wanavyoweza kumwachia neno. Yule wa pangoni alifikiria binti zake. Mimi nimewafikiria usiku mwingi sasa, na kila nikiwafikiria narudi kwa mama. Bado tuna vyumba viwili ambavyo hatujaviandika, chumba chao cha kulala yeye na baba, na duka dogo la pembeni mwa barabara alikokuwa anauza sambaza. Amesema Jumapili ijayo tutakwenda dukani. Chumba cha kulala ameniambia kina mlango wake, na mlango huo si wangu.

Jumapili nitakuwa uani na daftari.